Dokezo Lililobaki Kwenye Droo

Siku niliyohama ofisi nilikuta kwenye droo, chini ya mihuri iliyokauka wino, dokezo la ukurasa mmoja lililoandikwa kwa mkono. Kichwa chake: "Yah: Upangaji wa majalada ya wagonjwa." Aliyeliandika ni binti aliyekuja kwenye chumba chetu cha kumbukumbu, hospitalini, kwa mafunzo ya vitendo, kisha akapewa mkataba mfupi. Mimi nilikuwa mkuu wake. Nililipokea kwa mikono yangu na kumwambia nitalifanyia kazi. Sikulifanyia.

Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Tulipanga majalada kwa namba, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Mengi yanayotafutwa kila siku ni ya wagonjwa wapya, kwa hiyo asubuhi watu wanne tuligongana mabega kwenye rafu za mwisho, na rafu nyingine zimetulia na vumbi lake. Yeye alishauri tupange kwa tarakimu mbili za mwisho: yanayoishia 00 mahali pake, 01 pake, mpaka 99. Majalada mapya yangejigawa yenyewe chumba kizima. Aliomba tujaribu kwa kliniki moja tu, mwezi mmoja.

Nilimuuliza, "Wewe umekuja juzi. Waliokutangulia wote hawakuliona hilo?"

"Samahani, bosi," akasema, akarudi kwenye rafu.

Nimelifikiria sana lile swali langu. Halikuwa swali. Halikuhusu majalada wala tarakimu. Lilimhusu yeye na siku alizokaa kazini. Na nililitoa mbele ya wenzake.

Watanzania wengi wanajua habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, alitia kwenye friza mchanganyiko wa maziwa na sukari ukiwa bado wa moto, kwa kuogopa kukosa nafasi. Ukaganda kabla ya ule wa mwenzake uliotiwa bila kuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, mwalimu mwingine alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Kisha alikuja mgeni, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Mpemba akauliza tena, wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, lakini aliporudi chuoni alimpa fundi wa maabara kazi ya kujaribu. Mwaka 1969 walichapisha makala pamoja, majina yote mawili.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba hata leo wanasayansi hawajakubaliana kuhusu jambo hilo. Wako waliorudia majaribio na wasione alichokiona Mpemba. Kwa hiyo wema wa Osborne haukuwa kuamini. Wala haukutegemea kijana awe sahihi. Alichompa ni kitu kidogo ambacho mkubwa yeyote anaweza kukitoa: jaribio, na jibu.

Najua utetezi wangu. Jalada la mgonjwa si kitu cha kuchezea. Likipotea, daktari anaandika dawa bila kujua kilichotangulia. Na wazo likiharibika, anayeitwa kujieleza ni mimi, si binti wa mkataba. Hayo ni kweli, na mkuu anayekubali kila wazo si mkuu. Lakini kama hofu yangu ilikuwa hiyo, ningemwambia hiyo. Angeweza kuijibu, pengine ndiyo maana aliomba kliniki moja tu. Hofu niliyoificha nyuma ya cheo haikuwa na jibu.

Ofisi nyingi zina sanduku la maoni ukutani, na letu lilikuwepo. Ufunguo wake sikumbuki nani alikuwa nao. Viwanda vya Toyota vimekuwa na mpango wa kupokea mapendekezo ya wafanyakazi tangu 1951, lakini kinachosifiwa zaidi huko ni kamba. Mfanyakazi akiona kasoro anaivuta, kiongozi wake anakuja kusaidia, na tatizo lisipotatuliwa kwa wakati, mstari wa uzalishaji unasimama. Kamba yoyote mtu anaweza kuitundika. Kazi iko kwenye yale yanayompata mtu dakika moja baada ya kuivuta. Kwetu, aliyevuta aliulizwa amekuja lini.

Wahenga walisema ukubwa jalala. Nilidhani maana yake ni kuvumilia lawama tu. Siku hizi naona ni pamoja na kupokea hatari: mdogo alete wazo, na likiharibika, taka zimwagikie mkubwa. Ukimwambia mtu awe mbunifu kisha ukamwachia gharama ya kukosea, unamtega.

Mkataba wake ulipokwisha aliondoka. Miaka miwili baadaye ulikuja ukaguzi, na wageni wakatuelekeza tupange kwa tarakimu mbili za mwisho. Tulifanya. Asubuhi zikawa na nafasi. Kwenye kikao nilipongezwa kwa mageuzi yale, nikasema asanteni. Jina lake lilikuwa mdomoni, nikalimeza.

Nilipolikuta dokezo nilimtafuta kwa simu. Aliniamkia vizuri, shikamoo, habari za nyumbani. Nikamwambia yote, pamoja na kile kikao, nikaomba radhi. Alinyamaza kidogo, akasema amesamehe, zamani hizo. Nikamuuliza huko aliko wanasikiliza mawazo ya wafanyakazi?

"Sijui, mzee," alisema. "Sijawahi kuwapa."