Zebaki ya Osiri, na Wanaongoja Nahodha Mpya

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyeiumba ardhi akaweka ndani yake riziki za waja wake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya haya, twataka kusema na ndugu zetu wa Osiri, katika Nyatike, kaunti ya Migori, na wote wakaao kando ya mito iendayo ziwani, juu ya jambo ambalo wengi wameanza kulikatia tamaa.

Watu wa Osiri huchimba dhahabu. Wanaume hushuka mashimoni, mawe husagwa yakawa unga, na unga huoshwa kwa maji, kazi ambayo mara nyingi ni ya wanawake. Kisha hutiwa zebaki katika karai, hukorogwa kwa mkono mtupu mpaka ishikane na chembe za dhahabu. Tonge lile hukamuliwa kwa kitambaa, huwekwa motoni, zebaki ikapaa na dhahabu ikabaki. Mvuke wake hauna rangi wala harufu, na kwa hiyo haumtishi mtu. Humwingia kifuani anayechoma, humwingia na mtoto aliye mgongoni kwa mama yake, ukadhuru ubongo na figo. Unaosalia huanguka juu ya udongo, mvua ikaukokota mpaka mtoni, na ndani ya tope ukageuka sumu kali zaidi iingiayo katika samaki. Mto Kuja, ukiisha kuchanganyika na Mto Migori, humwaga maji yake katika Ziwa Viktoria huko huko Nyatike. Basi mla samaki wa ziwa lile anahusika na jambo la Osiri, hata ikiwa hajapata kuliona shimo la dhahabu maisha yake.

Hatusemi machimbo yafungwe. Asemaye hivyo ameshiba. Twasema kwamba haki ya hawa watu imekwisha andikwa, na hawajaipata. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya, na kifungu cha 70 chamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Sheria ya Madini ya 2016 iliwatambua wachimbaji wadogo. Mkataba wa Minamata juu ya zebaki Kenya iliutia sahihi mwaka 2013 ikauridhia 2023. Mkataba huo waitwa kwa jina la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini, watu wakala samaki wakapooza na kufa. Ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi 1956, na kiwanda hakikuacha kumwaga taka zile mpaka 1968.

Lakini wenye kuitekeleza sheria hawakai. Uchaguzi wa Rais wa Agosti 2017 ulibatilishwa na mahakama ukarudiwa. Mwaka 2019 serikali ilisimamisha leseni mpya za madini. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, karibu baraza zima la mawaziri likaondolewa. Kila mabadiliko yajapo, afisa aliyekwisha kulielewa jambo huhamishwa, na ajaye huuliza upya Osiri iko wapi. Ndipo tunaposikia watu wakisema, tena watu wenye akili: "Tungojeni tuone nani atashika."

Neno hili ndilo tunalolipinga. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Nu'man bin Bashir (r.a.) mfano alioupiga Mtume (s.a.w.) wa watu waliopanda chombo kimoja, wengine juu na wengine chini. Wale wa chini, kwa kuchoka kupita juu kutafuta maji, wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakishikwa mikono, wote wataokoka. Mfano huu husomwa sana misikitini, lakini mara nyingi husomwa kwa kuwalaumu wa chini peke yao. Tuutazame vizuri. Wale watu walikuwa na kiu. Haja yao ilikuwa ya kweli, kama ilivyo haja ya mchimbaji wa Osiri. Basi anayemshika mkono mwenziwe na ampe maji: amwonyeshe chombo cha kunasa mvuke wa zebaki, au njia ya kuosha dhahabu bila zebaki, wala asimhubirie tu. Na la pili, katika mfano ule waliotakiwa kuzuia ni abiria. Hakuna palipotajwa kungoja nahodha mpya.

Tunao ushahidi karibu nasi. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 kikawasambazia jirani sumu ya risasi. Bibi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi humo na ambaye mwanawe aliugua kwa sumu ile, akasimama pamoja na wakaazi. Kiwanda kikafungwa 2014. Kesi ikafunguliwa 2016. Wakashinda 2020, wakapewa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaiondoa hukumu ile 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Katika muda huo Kenya ilitawaliwa na marais watatu. Lau wangalitegemea mlango wa mkubwa mmoja, wangalikuwa wamebisha mlango wa nyumba iliyohamwa.

Walitegemea nini? Walipimwa damu, majibu yakahifadhiwa. Walikutana, wakaendelea kukutana hata pasipokuwa na habari mpya. Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo ijapokuwa kidogo, nasi tumeifahamu hadithi hii kwa sala na dhikri tu, tukasahau kwamba daftari la kijiji nalo ni amali. Andikeni nani ameugua, mwezi gani, anafanya kazi gani shimoni. Nakala moja ikae kwa Waislamu, nyingine kwa kanisa, kwani sisi huko ni wachache na sumu haiulizi dini. Na mgombea akija na fulana na bahasha, msimpe kiti cha mwenyekiti. Msikilizeni, muandike ahadi yake na tarehe, mumpe chai aende.

Limebaki neno moja kwa wanunuzi wa dhahabu, na kati yao wamo ndugu zetu. Katika machimbo mengi mnunuzi ndiye ampaye mchimbaji zebaki kwa mkopo, kisha hujilipa kwa dhahabu. Mwenye kufanya hivyo asituulize kwanza nisabu ya zaka yake. Mlango wa madhara hutangulia, na darsa ijayo tutausoma, insha Allah, pamoja na milango ya maji na ardhi iliyokufa. Wachimbaji wote wamekaribishwa, na wasio Waislamu pia.