Keti Kwanza Uhesabu



Kompyuta yangu ya gemu ina prosesa ya Ryzen 5 1600, ya mwaka 2017. Gemu mpya zinakwamakwama. Bahati nzuri, ubao mama wangu ni wa AM4: nikisasisha BIOS, unapokea Ryzen 5 5600 ya 2022. Pesa nimeshaweka. Si ninunue tu?

Kwenye Luka 14:28, Yesu anamtaja mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza, akapiga hesabu. Nikaketi nami. Pesa ilitosha. Kilichopungua ni muda. Nacheza mpaka saa nane usiku, Jumapili nasinzia kwenye Misa, na jumuiya sijakanyaga tangu Pasaka.

Mtakatifu Carlo Acutis naye alipenda gemu, ila alijiwekea saa moja tu kwa wiki.

Kununua prosesa si dhambi, jamani. Lakini kama kompyuta hii nzito imenishinda, iliyo nyepesi itanimaliza. Basi prosesa isubiri mwezi mmoja. Kwanza nijifunze kuizima saa nne, nisali, nilale.

Wewe je, umehesabu nini? Tuombeane.