Jivu la Jumatano

Memento mori. Ni maneno mawili tu ya Kilatini: kumbuka kufa, yaani, kumbuka kwamba nawe utakufa. Mwambie hivyo mtu wa Pap Onditi, huku kwetu Nyakach, naye atakuangalia kidogo kisha akuulize: kwani nani amesahau? Ijumaa magari ya maiti yanapita yakitoka mochari. Jumamosi hukosi kuona hema na viti vya plastiki mahali. Simu zetu zimejaa makundi ya michango ya mazishi. Na wafu wenyewe hatuwapeleki mbali. Tunawazika bomani, hatua chache kutoka mlangoni. Watoto hukaa juu ya kaburi la saruji wakila miwa, na baada ya mavuno mahindi huanikwa hapo hapo.

Kwa hivyo sijiulizi kama tunakikumbuka kifo. Tunakikumbuka sana. Ninachojiuliza ni kifo cha nani.

Kilatini kina tabia moja kinayoshirikiana na Kiswahili. Ukiamuru mtu mmoja, unasema memento, kumbuka. Ukiamuru wengi, unasema mementote, kumbukeni. Msemo wetu umebaki katika umoja. Hauongei na umati wa waombolezaji, unamshika mtu mmoja begani. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage aliyeishi miaka 1,800 hivi iliyopita, alieleza kwamba jemadari wa Roma alipokuwa juu ya gari lake la ushindi, watu wakimshangilia, kulikuwa na sauti nyuma yake ya kumkumbusha kwamba yeye ni binadamu tu. Angalia mahali sauti ile ilipowekwa: kwenye sherehe, si matangani. Na aliyeambiwa alikuwa mzima, mwenye nguvu, katika siku yake bora kabisa.

Kanisa lilifanya jambo kama hilo kwa njia yake. Katika Sinodi ya Benevento ya mwaka 1091, wakati wa Papa Urbano wa Pili, iliagizwa waumini wapakwe majivu mwanzoni mwa Kwaresima. Desturi hiyo ilifika huku na wamisionari. Wale wa Mill Hill walikuwa wameshafika Kisumu mwaka 1903. Majivu hutokana na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Yaani zile shangwe tulizopunga barabarani ndizo zinazochomwa na kurudishwa kwetu kama doa jeusi kwenye paji la uso. Padri ana maneno ya aina mbili ya kuchagua: ama anakuita utubu na kuiamini Injili, ama anakukumbusha lile aliloambiwa Adamu katika Mwanzo 3:19, kwamba ametoka mavumbini na atarudi mavumbini. Hakuna anayepakwa kwa niaba ya mwenzake. Hata mtoto anayebebwa mgongoni, padri akimfikia, anapakwa lake.

Sasa, sisi Wajaluo tulikuwa na vumbi letu kabla ya hilo. Buru, kwa Kijaluo, ni vumbi, na ni jivu pia. Mzee akifa, kuna tero buru: kupeleka vumbi. Wanaume hutoka na ng'ombe, mikuki na matawi, wakiimba na kukimbia hadi mpakani kukifukuza kifo, kisha wanarudi nyumbani. Wengi makanisani wameipinga desturi hiyo kwa miaka mingi, na bado haijaisha. Mimi siicheki. Mtu aliyefiwa ana haki ya kukasirika, na hasira ya ukoo mzima ikitoka mbio na vumbi lake, waliobaki hupumua.

Lakini tazama jinsi vumbi hizi mbili zinavyopita njia tofauti. Vumbi la tero buru linatolewa bomani na kupelekwa mbali. Jivu la Jumatano linaletwa na kubandikwa usoni pako. La kwanza linasema kifo kiende zake. La pili linasema kifo ni chako, tembea nacho leo, upande nacho matatu, ukauze nacho nyanya sokoni. Kijijini tumelijua la kwanza vizuri sana. La pili tunalinawa jioni, na asubuhi tunaendelea.

Gharama yake huwa hailipwi na marehemu. Muulize mzee wa kwetu, kwa heshima zote, "Mzee, shamba hili umeliandikia nani?" Jibu utalijua kabla hajafungua mdomo: "Kwani wewe wataka nife?" Kuandika wosia, kwa wengi wetu, ni uchuro. Ni kama kukiita kifo kwa jina lake. Basi tunanyamaza, kisha mzee anakufa hata hivyo, na wajane na watoto wanaachiwa kazi ya kukisia alichotaka.

Wakenya wana mfano wao. S.M. Otieno alikuwa wakili wa Nairobi, mtu wa kuijua sheria. Alifariki Desemba 1986 bila wosia. Mjane wake, Wambui, alisema mumewe alitaka kuzikwa Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukasema hapana, anarudi Siaya. Mahakama zilibishana juu ya maiti kwa miezi mitano, hadi alipozikwa Nyalgunga mwezi Mei 1987. Huenda karatasi isingeumaliza ugomvi ule, maana mila ilikuwa na sauti kubwa mahakamani. Lakini walio hai wangekuwa na sauti ya marehemu mwenyewe, badala ya kumnukuu.

Sheria yenyewe si ngumu. Sheria ya Urithi ya Kenya inataka wosia ulioandikwa uwe na sahihi yako na ya mashahidi wawili. Wosia wa mdomo nao unakubalika mbele ya mashahidi wawili, ila unakuwa na nguvu tu ukifa ndani ya miezi mitatu. Napenda sana kipengele hicho. Ni kama sheria imesema: ukitaka kuusema tu, basi useme ukijua siku zinahesabika.

Kuna atakayesema, mtu akikumbuka kifo kila siku atakosa hamu ya kupanda mtama. Sioni hivyo. Anayejua mvua inakuja ndiye anayeezeka paa, na anaezeka kiangazi. Jumatano ya Majivu hutukuta Februari au mwanzoni mwa Machi, bara barani kukiwa kukavu, mashamba yakingoja mvua za masika. Wakati mzuri wa kumwita mama watoto na wavulana na wasichana pia, chini ya mwembe, na kusema: hili ni la huyu, deni la fulani ni kiasi hiki, na nikiumwa sana msiuze ng'ombe wote.

Kukifukuza kifo ni kazi ya ukoo, na ifanywe siku yake. Kukikumbuka ni kazi ya mtu mmoja, angali mzima, na haihitaji hema wala spika.