Vipaza Sauti vya Kanisa na Haki ya Jirani



Liko swali linalozunguka sana katika sharika zilizo pembeni mwa mji wa Dar es Salaam. Chukueni mfano wa Madale katika wilaya ya Kinondoni, mahali palipokuwa mashamba na vichaka, na leo nyumba zimesongamana vilimani na mabondeni. Usharika ukiisha kuezeka nyumba yake ya ibada, neno linalofuata baada ya mabati ni vyombo vya sauti. Wazee hukaa wakahesabu fedha. Wanakwaya husema, "Na tununue sabufa nne." Mtunza hazina hujibu, "Fedha yatosha mbili." Na kijana anayeshughulika na mitambo huuliza zipangwe wapi, na spika nyingine ziwekwe juu yake au kando yake. Wote hudhani ya kuwa hili ni swali la fundi na la mtunza hazina tu. Lakini ni swali la dhamiri pia, nalo ni hili: Je, mtu ana haki ya kuikuza sauti yake kupita masikio ya wale waliokuja kumsikiliza?

Kwanza imetupasa kukubali ya kuwa kukuza sauti si jambo baya. Katika kitabu cha Nehemia, sura ya 8, twasoma jinsi Ezra alivyosimama juu ya jukwaa la mti lililofanywa kwa kazi ile, ili watu wote, waume kwa wake, wapate kusikia na kufahamu. Bwana wetu mwenyewe aliingia chomboni, akasukumwa mbali kidogo na nchi, watu wakamsikiliza toka pwani. Mwaka 1739, mhubiri George Whitefield alipohubiri nje katika mji wa Philadelphia, Benjamin Franklin alirudi nyuma hatua kwa hatua barabarani mpaka pale maneno yalipoanza kumpotea. Kisha akapiga hesabu, akaona ya kuwa watu zaidi ya 30,000 wangeweza kuisikia sauti ile. Wala si kila mchungaji amepewa kifua cha Whitefield. Bibi mzee aliyekaa nyuma karibu na mlango, masikio yake yamechoka, naye amepanda kilima kwa miguu ili alisikie Neno. Kumnyima kipaza sauti ni kumrudisha nyumbani na njaa.

Lakini angalieni, katika mifano hii yote shabaha ni moja, yaani neno lifahamike. Jukwaa la Ezra halikujengwa ili Yerusalemu itetemeke. Basi na tuulize sasa: chombo kipi hufanya kazi ipi? Maana mtu asiyejua kazi ya chombo hawezi kujua wema wake wala ubaya wake.

Sauti ni mtikisiko wa hewa, nao huhesabiwa kwa hezi, yaani idadi ya mitikisiko katika sekunde moja. Sauti nzito za ngoma kubwa na gitaa la besi ziko chini ya hezi 100 au karibu yake. Hizo ndizo kazi ya sabufa. Sauti ya msemaji mwanamume huanza hapo karibu na 100, lakini herufi zile zinazotenga neno na neno, kama s, t, k na f, ziko juu sana, penye hezi elfu mbili, tatu na nne na kuzidi. Kazi hiyo ni ya spika za sauti zote, zile ndefu zenye koni na pembe. Kwa hiyo, mahubiri hayahitaji sabufa hata moja. Tena fundi mwema huzikata sauti zote zilizo chini ya hezi 100 katika maikrofoni ya mhubiri, ili neno lisifunikwe na mngurumo. Sabufa ni ya kwaya na vyombo vyake, nayo ni halali kwa kazi hiyo. Lakini asiseme mtu ya kuwa ameinunua ili Injili isikiwe.

Jambo la pili ni hili. Sauti nyembamba ina wimbi fupi. Wimbi la hezi 3,000 lina urefu wa sentimeta kama 11 tu, nalo huenda mbele kama mwanga wa taa. Ukuta wa matofali wauzuia kwa sehemu kubwa. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu meta 7. Hilo huenea pande zote, mbele na nyuma, hupita kwenye mabati na madirisha yasiyo na vioo, likaingia katika chumba cha jirani na kutikisa vyombo kabatini. Usiku ndipo hufika mbali zaidi, kwa kuwa shughuli za mji zimetulia, na hewa ya baridi iliyo karibu na nchi huirudisha sauti chini isipotelee juu.

Haya yakijulikana, tazameni matokeo yake. Jirani aliye ng'ambo ya bonde hapokei mahubiri; maneno yamekwisha kupotea njiani. Hapokei hata mashairi ya wimbo. Anachopokea ni kile kisichokuwa na neno ndani yake, yaani mpigo wa besi, dum, dum, dum, mpaka alfajiri. Tumemrushia ganda, na kiini kimebaki kwetu. Wengine husema, "Acha isikike mbali, ni ushuhuda." Lakini huu ni ushuhuda gani, ambao kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyopungua neno na kuzidi kishindo? Mtume Paulo, alipoandika juu ya upendo, alitaja shaba iliayo na upatu uvumao. Nadhani angalitambua vizuri kile kinachofika ng'ambo ya bonde.

Na huyo jirani ni nani? Pengine ni muuguzi aliyerudi kutoka zamu ya usiku. Pengine ni mama mwenye mtoto wa homa, au mtoto wa shule aliye na mtihani kesho yake. Pengine ni Mwislamu, pengine ni Mkristo wa kanisa jingine, pengine ni mtu asiyesali popote. Mwenye mali aweza kuhama au kufunga vioo vizito na mashine ya kupoza hewa. Maskini hana pa kwenda. Nyumba yake ya chumba kimoja na sebule ndiyo akiba ya maisha yake yote. Kwa hiyo kelele, kama mizigo mingine mingi, humlemea zaidi yule asiyeweza kuikimbia. Aliyekuja kanisani amekuja kwa hiari yake, tena aweza kutoka. Aliyelala kitandani kwake hakuulizwa. Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kuhubiri na kulazimisha.

Mwenye hekima aliyeandika Mithali, sura ya 27, aya ya 14, aliliona jambo hili zamani sana, kabla ya umeme. Aonya ya kuwa hata baraka, ikipigiwa kelele mlangoni pa rafiki alfajiri na mapema, itahesabiwa kwake kuwa ni laana. Hakusema baraka yenyewe ni mbaya. Alisema saa na sauti vyaweza kuigeuza.

Nimesikia majibu matatu ya watu wanaopinga, nayo yastahili heshima.

Jibu la kwanza: "Zaburi zatuamuru kumsifu Mungu kwa matoazi yavumayo sana." Ni kweli, wala sitaki ibada ya watu waliosinzia. Lakini matoazi yale yalipigwa kwa mkono wa mtu, na mkono huchoka. Mashine haichoki. Furaha iliyo na kipimo cha mwili wa mwanadamu ni kitu kimoja, na kishindo cha wati elfu tano usiku kucha ni kitu kingine.

Jibu la pili: "Baa iliyo chini yetu hupiga muziki mpaka usiku wa manane, je, sisi tunyamaze wao wasikike?" Hapa ndipo penye mtego mkubwa. Kwanza, mashindano haya hayana mwisho, na hesabu yake ni kali. Wati zikiongezwa mara mbili, sauti huzidi desibeli 3 tu, ongezeko ambalo sikio hulisikia kwa shida. Ili sauti ionekane maradufu katika sikio la mtu, yahitaji wati mara kumi hivi. Basi aliye na wati 500 akitaka kumshinda jirani kwa namna hiyo, atanunua 5,000, na fedha ile ilikuwa ya mjane na ya madirisha. Pili, tukishindana na baa kwa kishindo, tumekubali ya kuwa kishindo ndicho kipimo. Na tatu, tutakwendaje kumwambia mwenye baa apunguze, akiwa atatujibu, "Anzeni ninyi"?

Jibu la tatu ndilo zito kuliko yote: "Tukipunguza, vijana watakwenda kwa wengine." Silipuuzi, maana mchungaji asiyewaogopea vijana si mchungaji. Lakini na tuwaogopee pamoja na masikio yao. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake za mwaka 2022 kwa kumbi za muziki, limeweka kikomo cha desibeli 100 kwa wastani wa dakika 15. Na kwa wafanyakazi, kipimo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikizidi 3, saa hupunguzwa nusu, hata kwenye 100 yabaki dakika 15 tu. Msichana wa kwaya asimamaye mbele ya spika tangu mazoezi hata mwisho wa ibada ya pili, apata kipimo gani? Chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Kijana tuliyemvuta kwa kishindo, kisha tukampunguzia uwezo wa kusikia, tumemfanyia wema gani?

Wala msidhani ya kuwa sisi peke yetu tumeulizwa swali hili. Mwaka 2000, Mahakama Kuu ya juu kabisa ya India iliamua kesi ya kanisa moja la Chennai na majirani zake, ikasema hakuna dini inayoagiza sala zifanywe kwa kuvuruga amani ya wengine kwa vipaza sauti. Mwaka 2018, serikali ya Rwanda ilifunga mamia ya nyumba za ibada mjini Kigali, na kelele ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotajwa pamoja na usalama wa majengo. Kwetu Tanzania iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015. Lakini ingekuwa aibu Kanisa lingojee askari alifundishe kumpenda jirani. Sheria huweka mpaka wa chini kabisa, upendo hauulizi, "Naruhusiwa kumsumbua kiasi gani?"

Basi tufanyeje? Hekima ya fundi na hekima ya dhamiri hukutana katika mambo haya machache.

Pimeni nyumba kabla ya kununua. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidi mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Spika iliyowekwa sakafuni huwaumiza walio mbele na haiwafikii walio nyuma. Iinueni juu ya vichwa vya watu na kuielekeza kwenye viti vya nyuma. Penye nyumba ndefu, spika ndogo mbili katikati ni bora kuliko kubwa moja mbele inayopiga kelele.

Sabufa msizitenganishe huku na huku. Mbili zikikaa pamoja sakafuni husaidiana, na sauti yake huzidi desibeli 6 kuliko moja. Zikitengwa, ziko sehemu ambapo mawimbi yake huuana, na aliyeketi hapo husema, "Besi haipo," na fundi huongeza. Mara nyingi usharika unaotaka nne ungetosheka na mbili zilizopangwa vema. Na mnapopandisha spika juu ya sabufa, zifungeni kwa mkanda, maana watoto hucheza hapo, na sanduku zito likianguka halichagui.

Wakati wa mahubiri, zimeni sabufa. Katika mkesha, zizimeni kabla majirani hawajalala, muimbe kwa vinywa na ngoma za mkono. Kisha wazee wawili watoke nje, wavuke bonde, wasimame mlangoni pa jirani, wasikilize. Tena wabishe hodi, wamwulize. Swali hilo moja, likiulizwa kwa unyenyekevu, litafanya ushuhuda kuliko wati nyingi.

Eliya alipokuwa mlimani Horebu aliuona upepo mkuu, na tetemeko, na moto. Lakini Bwana alikutana naye baada ya hayo, katika sauti ya utulivu iliyo ndogo. Hatuambiwi kwamba Mungu hana nguvu ya kutikisa. Twaambiwa ya kuwa, alipotaka kusema na mtu aliyechoka, hakuitumia. Katika kila bonde la mji wetu wako watu waliochoka, nao wamelala. Na tuchague vyombo vyetu tukiwakumbuka hao.