Maarifa ya Sikio

Kila linapozuka suala la muziki shuleni, watetezi wake hukimbilia hoja moja: mtoto anayejifunza muziki hufanya vizuri katika hesabu. Wana nia njema, ila wameligeuza somo kuwa mtumishi, na mtumishi hufukuzwa bwana akimpata mwingine. Mimi nashikilia kwamba muziki ni elimu kwa nafsi yake, kwa kuwa yapo mambo yanayojulikana kwa sikio tu.

Tazama ala za taarabu. Katika maqamu ya Rast, yaani mpangilio mmojawapo wa sauti zake, sauti ya tatu huangukia katikati ya vitufe viwili vya piano. Piano ya kawaida haina sauti hiyo. Mpiga ganuni huipata kwa kuinua au kushusha vijichuma vilivyo chini ya nyuzi. Mpiga fidla hana hata hivyo vijichuma. Huisaka kwa ncha ya kidole, akisogea juu kidogo, akirudi chini, mpaka sikio liridhike. Anapojifunza, mwalimu hamwelezi mengi. Husema “bado”, kisha “bado”, halafu hunyamaza na kupiga pamoja naye. Hapo mwanafunzi amejua jambo kwa yakini, na hakuna karatasi ya mtihani itakayolipima. Shule yenye piano peke yake humfundisha mwanafunzi huyo, bila kukusudia, kwamba sauti aliyoizoea katika nyimbo za bibi yake ni kosa.

Mwanafalsafa Plato aliuweka muziki mwanzoni mwa malezi kwa sababu mahadhi huingia nafsini kabla akili haijaanza kuhoji. Alitaka pia baadhi ya mahadhi yapigwe marufuku, na hapo simfuati. Sikio hukomaa kwa kusikia mengi.

Mahali pa kulikomaza sikio hivyo papo. Huko Zanzibar, chuo cha Dhow Countries Music Academy kimekuwa ikifundisha ganuni, udi na ngoma tangu 2002. Kenya ina tamasha la muziki la shule lenye mizizi ya tangu 1927, nalo limeibua vipaji vingi. Lakini tamasha si somo. Kikombe kikishapatikana, ngoma hurudishwa stoo, na mzee aliyewafundisha watoto hurudi kwake na nauli tu, kwa kuwa hana cheti.

Walimu wakuu, mfungulieni mzee huyo darasa. Wizara za elimu nazo zimlipe kama mwalimu, na kipindi chake kiwe asubuhi, watoto wakiwa bado hawajachoka.