Maji Chini ya Tangi

Maandiko: Waebrania 12:14–15, Mathayo 5:23–24

Wapendwa, mwandishi wa Waebrania anatuonya kuhusu uchungu uliojificha kama mzizi. Leo hauonekani, lakini siku ukitokeza juu ya udongo hauharibu mtu mmoja tu, unachafua nyumba nzima. Nataka tuliangalie neno hili kupitia kitu ambacho wengi wenu hapa Pwani mnakijua kwa mikono, nacho ni ile injini ndogo ya dizeli ndani ya mashua ya tanga. Ndugu zangu wa bara mnivumilie, nitaeleza polepole.

Mashua ya tanga inakwenda kwa upepo. Injini ni ya kuingilia gatini, ya kutokea mlango wa mwamba upepo ukikataa, na ya siku ile mkondo unapokusukuma kwenye matumbawe. Kwa hivyo siku nyingi imekaa tu. Injini ya lori inafanya kazi kutwa na inadumu miaka. Hii ya mashua mara nyingi inakufa kwa kukaa.

Kusi ikianza, kuanzia Aprili hivi, mashua nyingi zinavutwa juu ya mchanga. Tangi limebaki nusu, na nusu ya juu ni hewa, na hewa ya Pwani mnajua ilivyo na unyevu. Usiku tangi linapopoa, unyevu ule unakuwa matone, matone yanateremka. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanakwenda kukaa chini kabisa. Kisha pale maji na dizeli vinapogusana panaota vijidudu, bakteria na kuvu. Vinaishi ndani ya maji na chakula chao ni dizeli yako! Vinaacha utelezi mweusi kama kamasi. Ukifungua kifuniko ukachungulia, juu unaona mafuta safi.

Sasa sikia, mpendwa. Washa injini hiyo mashua ikiwa imefungwa gatini, maji yametulia. Itawaka vizuri, kwa sababu bomba la kuvuta mafuta halifiki chini kabisa. Linavuta yale ya juu. Unasema mashine iko sawa, unafungua kamba, unatoka. Unafika mlangoni pa mwamba, wimbi linainua mashua na kuitupa, tangi linatikisika, takataka zote zinapanda. Bomba linavuta, chujio linaziba, injini inakohoa mara mbili, kimya. Imezimika wapi? Si gatini. Imezimika pale pale ulipoinunulia.

Na hapo ndipo sisi walokole tunapoweka mikono juu ya injini na kusema, "Shetani, ushindwe!" Mimi naamini katika kukemea, mnanijua. Lakini Shetani hakumimina maji yale. Yaliingia tone kwa tone, usiku, ukiwa umelala, ndani ya tangi lako mwenyewe. Kuna injini hazihitaji kukemewa, zinahitaji spana.

Mniruhusu niseme kidogo kwa nini dizeli haivumilii uchafu. Haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni inagandamiza hewa mpaka inabaki kwenye nafasi ya karibu sehemu moja ya ishirini, na hewa hiyo inapata joto la kupita digrii 500. Hapo nozeli inanyunyiza mafuta kama ukungu na yanawaka yenyewe. Kanuni hiyo ni ile ile tangu Mjerumani Rudolf Diesel alipoifanikisha mashine yake mwaka 1897. Sasa matundu ya nozeli ni membamba mno. Jua injini hii inavumilia, kelele na kazi ngumu inavumilia. Mafuta machafu, hapana.

Jumapili ni gati, wapendwa. Hapa maji yametulia. Kinanda kinalia, kila mtu anawaka, na mtu na dada yake ambao hawajasemezana tangu shamba la baba ligawanywe wanaimba pambio moja, viti vinne katikati yao. Nani atajua? Kisha mama analazwa, bili ya hospitali inapanda, watoto wanatakiwa wakae chini waelewane leo, si kesho. Hapo tangi linatikisika. Nimeona mwili ukikaa mochari wiki tatu, na pesa za mazishi zilikuwepo! Kilichokosekana ni ndugu wawili kukaa kikao kimoja.

Fundi mzuri anafanyaje? Chini ya chujio la kutenga maji kuna kijibomba au nati. Anaweka chupa angavu, anafungua, anaacha itoke. Inanuka, na mikono inachafuka. Ndani ya chupa utaona mstari, maji chini, dizeli juu. Anaendelea mpaka yatoke mafuta matupu. Halafu anabadilisha chujio, analegeza skrubu ya kutoa hewa, anapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, ndipo anakaza. Uchafu wenyewe anauweka kwenye mtungi, haumwagi baharini kwenye samaki wa watu. Nawe ukiamua kutoa yaliyo moyoni, usiyamwage kwenye grupu la WhatsApp la ukoo.

Kitu kimoja ambacho fundi hafanyi ni kuendelea kubonyeza stata. Kwanza betri inakufa. Pili, kwenye zile injini zinazopozwa kwa maji ya bahari na kuyatolea kwenye bomba la moshi, kila unapobonyeza bila kuwaka pampu inazidi kuleta maji. Hayana nguvu ya moshi wa kuyasukuma nje, yanajaa, yanarudi ndani ya injini. Ulikuwa na chujio lililoziba, sasa una injini iliyozama. Kuna mtu hapa anaongeza mfungo juu ya mfungo, mkesha juu ya mkesha, na ugomvi uko pale pale. Yesu katika Mathayo 5 alisema nini kwa mtu kama huyo? Hakumwambia aongeze sadaka. Alimwambia aiache hapo madhabahuni, atoke, amtafute ndugu yake kwanza. Amina?

Niseme na hili. Kama aliyekuumiza ni mtu wa kupiga au kutisha, usiende peke yako. Njoo kwetu wazee, twende pamoja au tumwite hapa.

Wengine wenu, wiki hii sitawaita mbele niwaombee. Andika jina moja nyuma ya karatasi hii, kisha mpigie. Usianze na shamba. Anza na salamu, uliza watoto wanaendeleaje shuleni. Asiposhika simu leo, jaribu kesho jioni. Mtu akiona namba aliyoifuta miaka mingi, mara ya kwanza huwa hashiki.