Mate ya Nani?

Shangazi zangu wa Nkubu walianza utafiti wa jeni kabla ya maabara yoyote. Posa ikiletwa, watu wanatumwa kimyakimya hadi Chuka, hadi Runyenjes, kuuliza: kwao kuna wazimu? Jibu likiwa ndiyo, mambo yanapoa polepole na hakuna anayekuambia sababu.

Ndiyo maana mwishoni mwa 2022 Mama alinipigia akilia. Kaka yangu, aliyeanza kuugua skizofrenia akiwa kazini Bonde la Ufa, alikuwa ametema mate kwenye kichupa cha watafiti. Utafiti wenyewe, NeuroGAP-Psychosis, ulilenga watu 34,000 hivi Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, nusu yao wagonjwa. Na dada yetu alikuwa anaolewa Embu. "Ametuanika sisi wote," Mama akasema.

Ana hoja, bana. Karibu nusu ya kilichomo kwenye kile kichupa ni changu pia, na hakuna aliyeniuliza. Majina huondolewa, sawa. Jeni zinabaki.

Lakini mwaka huohuo jarida la Nature lilikuwa limechapisha sehemu 287 za jenomu zinazohusishwa na skizofrenia, baada ya kulinganisha wagonjwa 76,755 na watu wasiougua. Wengi wao ni wa asili ya Ulaya na Asia Mashariki. Vipimo vinavyotengenezwa kwa jeni za wengine hutukosea sisi. Tena kila sehemu inaongeza hatari kidogo tu. Hakuna jeni moja ya wazimu ya kumkatalia mtu ndoa. Ndugu wa mgonjwa ana uwezekano wa kama 1 kwa 10 wa kuugua. Shangazi zangu hawana hesabu hiyo. Wana ndiyo na hapana.

Nilimuuliza kaka kwa nini alikubali. Akasema kabla ya kutia sahihi aliulizwa maswali kuona kama ameelewa, likiwemo kama anajua anaweza kukataa.

"Nikasema najua. Wakaandika." Akacheka.

Sisi tulimpeleka kwa maombi, tukamnyang'anya simu, wageni wakija tukamfungia chumba cha nyuma. Hatukuwahi kumuuliza kitu.

Mama alitaka nimshawishi ajiondoe, maana hilo pia linaruhusiwa. Nikamwambia, mpigie umuulize mwenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama huku Nairobi mvua imenyesha.